Sifuri Niliyoipika Mwenyewe

Gisenyi, Ijumaa, saa kumi jioni

Keza mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu umetoka hapa mlangoni sasa hivi ukiwa mzima kabisa, ukaruka juu ya pikipiki kwenda Nyamyumba kumuaga shangazi yako. Umeniachia sanduku katikati ya sebule na daftari lako la maabara juu ya meza. Mambo ya sweta, ya kula kwa wakati na ya kuushika mkoba ndani ya basi la Nairobi sitayaandika. Shangazi atakupa yote leo, na ninavyomjua, atayarudia mara tatu kabla hujamaliza chai. Mimi nina jambo jingine, na limenikaa kooni miezi minne.

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyo juu. Ulinisaliti, Keza. Neno ni hilo na sitalipaka asali. Ulikuja kwenye karakana ya jibini kule Kanzenze, mahali ambapo nimekuwa mkuu wa usafi kwa miaka kumi na tisa, ukavaa koti jeupe la mwanafunzi, ukapima tangi langu, ukaandika jina langu kwenye karatasi na kumpelekea Patron, mwenye karakana, kabla hujanitazama usoni. Angefanya hivyo mtu baki, ningesema ni kazi yake. Wewe asubuhi ile ulikuwa umekunywa uji wangu. Bado inaniuma ninapoandika, na sitajifanya nimetulia. Lakini soma mpaka chini hata ukikasirika, kwa sababu mwisho wa habari hii hauko upande wangu.

Unakumbuka tulipokuwa tunakaa Rugerero? Ulikuwa na miaka sita. Jioni moja baada ya mvua ulikuja na kimulimuli ndani ya kiganja, ukataka alale chumbani kwako. Nikakupa chupa ya maziwa iliyo tupu, tukatoboa kifuniko, ukamwekea jani. Asubuhi nilipoamka alikuwa amekufa, miguu juu. Wewe ulikuwa bado umelala, nami sikutaka kilio kabla ya kazi, kwa hiyo nilimtupa nje, na ulipouliza nikasema amejificha chini ya jani, mchana huwa wanalala. Jioni nikaingia kwenye majani ya jirani nikakamata mwingine. Nilifanya hivyo siku tano. Kila jioni uliniambia, "Maman, ona, bado anawaka," na mimi nikaitikia kwamba ni kweli, anawaka.

Miaka mingi baadaye, ukiwa sekondari, uliniambia huku ukicheka kwamba ulijua tangu siku ya pili. Yule wa kwanza alikuwa na bawa lililovunjika, yule wa pili hakuwa nalo. Nilikuuliza kwa nini ulinyamaza. Ulisema uliona jinsi nilivyohangaika majanini ukanionea huruma. Nilicheka siku ile. Leo nikikumbuka sicheki.

Nikueleze na jambo ambalo sikuwahi kukueleza vizuri, yaani namna nilivyojifunza kazi. Nilijifunza Masisi, ng'ambo ya mpaka, nikiwa msichana, kabla hatujavuka kurudi huku. Tulitengeneza jibini kwenye mapipa ya mbao. Mama aliyetufundisha hakuwa na mashine wala karatasi. Alituambia tuoshe kwa maji ya moto, kisha tupitishe kiganja ndani ya pipa lote, polepole, macho yakiwa yamefumbwa, halafu tunuse kiganja. Kiganja kikiteleza, rudia. Kikinuka, rudia. Nilikuwa hodari. Niliweza kukuambia pipa limeoshwa jana au leo, na limeoshwa na nani. Ndiyo maana Patron aliponipata hapa Rubavu alinipa funguo zote baada ya mwaka mmoja tu: ya chumba cha tangi, ya stoo ya sabuni na ya chumba ambamo jibini hukomazwa. Baba yako alikuwa ameshafariki. Funguo zile ndizo zilizonifanya niitwe Mama Keza kwa heshima badala ya yule mjane wa Rugerero. Wewe mwenyewe ulinitambua kwa mlio wake mfukoni mwa aproni yangu, kabla sijafika kwenye kona.

Kisha likaja tangi la chuma, lenye koki kule chini, ile tunayoiita robine. Nililiosha kama nilivyofundishwa, kwa kiganja, macho nimefumba. Chuma kilikuwa laini na hakikunuka kitu. Haikunijia akilini kwamba pipa la Masisi halikuwa na robine, na kwamba kiganja hakiingii ndani ya robine. Kwa miaka yote hiyo niliosha mahali mkono wangu unapofika, nikaapa kwamba tangi zima ni safi.

Jioni ya kuamkia siku yako ya kwanza pale Kanzenze ulikaa nami jikoni, ukimenya viazi vibaya kama kawaida yako, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Ulinionyesha ile mashine, ndogo kama rimoti ya televisheni, na vile vijiti vyenye pamba kwenye ncha.

"Maman, kila kitu yenye uhai iko na nguvu ndani," ulisema. "Majani, ng'ombe, mikrobe, hata mutu. Tunaiita ATP. Kimulimuli njo anaitumia kuwasha taa yake. Donc, ukichukua ile dawa yenye iko ndani ya kimulimuli, ukaikutanisha na uchafu, uchafu inawaka."

"Inawaka moto?"

"Hapana. Mwanga tu, ya baridi. Jicho yako haiwezi kuiona. Mashini njo inaiona, inakupa nombre. Nombre kubwa, uchafu mingi."

"Na hao vimulimuli munaua ngapi?"

Ulicheka mpaka kiazi kikakuponyoka. Ulisema zamani watu walikusanya wadudu wenyewe, lakini siku hizi mikrobe wanafundishwa kuitengeneza dawa ile kwenye maabara, na hakuna mdudu anayekufa. Kisha ukafunguka, na mimi niliacha kukatakata kitunguu nikakusikiliza. Ulinieleza habari ya samaki wa kina kirefu cha bahari wanaobeba taa zao wenyewe mahali ambapo jua halijawahi kufika, na uyoga unaong'aa kwenye magogo yaliyooza, na mnyama laini wa baharini ambaye rangi yake ya kijani inawasaidia wataalamu kuona kinachotendeka ndani ya seli moja. Ulisema kuna madaktari wanaoziwekea seli za saratani ndani ya panya taa ya kimulimuli, ili waone dawa ikifanya kazi bila kumpasua mnyama, maana taa ikififia, ugonjwa unapungua. Nilikuuliza kama Kivu nalo lina vidudu vya namna hiyo. Ukasema hapana, vile vya kuwasha mawimbi ni vya maji ya chumvi, ziwa letu lina taa za wavuvi wa sambaza, dagaa wetu, basi. Sijawahi kukuona umependeza namna ile, na mikono imejaa maganda.

Halafu ukasema neno moja la mwisho, ukiosha kisu.

"Kitu moja inaharibu kipimo. Chlore, ile klorini yenu. Kama haujasuuza muzuri, inaua ile dawa ya kimulimuli. Mashini inaona giza, inasema iko safi, kumbe inadanganywa."

Uliniambia kwa sababu mimi ni mama yako na ulikuwa na furaha. Kumbuka hilo, kwa kuwa mimi silisahau.

Siku ya pili, Jumanne, Patron aliniita ofisini. Ulikuwa umesimama karibu na mlango, mikono mfukoni mwa koti.

"Mama Keza, kuja uone. Kuta ya tangi iko muzuri, mbao ya kupangia jibini iko muzuri. Lakini hii kartasi ya binti yako inasema robine iko muchafu vibaya sana."

Niliangalia. Nambari ya robine ilikuwa na tarakimu tatu, na chini yake jina langu kwa mwandiko wako, ule uliofundishwa na mimi.

"Mi nilipima mara tatu, Maman," ulisema. "Nombre iko ileile."

"Na mbona haukuniambia mbele?"

"Ningekuambia, ungesafisha mbele nipime."

Nilihisi umenivua nguo mbele ya mwajiri wangu. Ungesema hivyo tukiwa wawili tu ningekuchapa kofi kwa umri wako huo. Kilichonikata maini zaidi ni kwamba ulikuwa umesema kweli. Ungeniambia, ningeiosha robine ile mpaka ing'ae, kisha ningekuita uje upime.

Patron alisema, "Bon. Alhamisi tunapima tena, watu bote bakiwa hapa. Kama iko vile, funguo naipatia mwingine."

Siku mbili zile hatukusemezana, unakumbuka. Uliweka chakula mezani, nikala nikitazama ukuta. Jumatano nilibaki karakana wa mwisho. Nilifungua stoo kwa funguo yangu mwenyewe, nikachukua klorini isiyochanganywa na maji, nikaimimina ndani ya robine. Alhamisi asubuhi, kabla hamjafika, nikaongeza nyingine. Sikusuuza, Keza. Niliyatumia maneno uliyoniambia jikoni ukiosha kisu.

Uliingiza kijiti, ukakitia kwenye mrija, ukakitikisa, ukaweka kwenye mashine. Tulisubiri sote, watu tisa. Sifuri. Si ndogo, sifuri kabisa. Patron alipiga kelele, "Maman ameshinda mashini!" na watu wakapiga makofi. Wewe ulikitoa kijiti ukakitazama muda mrefu. Ulitaka kuchukua kingine, na Patron akasema, "Inatosha, usitumalizie vijiti." Ukageuka kwangu. Chumba kile kinanuka klorini kila siku ya Mungu, kwa hiyo sijui ulinusa nini.

"Labda siku ile niligusa pamba na vidole," ulisema, mbele ya watu wote. "Maman, unisamehe."

Nami nikasema, "Ntakibazo, mwanangu," yaani hakuna shida. Nikakukumbatia, funguo zikalia kati yetu. Makofi yakaongezeka. Mlipotoka nje nilisuuza robine haraka kabla maziwa hayajafika.

Nikiulizwa kosa kubwa la maisha yangu ni lipi, wala si ile klorini. Ile niliifanya nikiwa na hofu, na mtu akiwa na hofu hufanya mambo. Kosa ni kwamba uliniomba msamaha nami nikaupokea. Niliupokea kwa moyo mkunjufu kabisa, na nilipokuwa napanda pikipiki kurudi nyumbani nilijiona nimeshinda. Wiki iliyofuata Patron aliandika kwenye fomu yako ya mafunzo kwamba huna umakini, na mimi niliiona fomu ile mezani kwake nikapita.

Ulipokwisha kuondoka pale, wiki ya tatu, jibini zilianza kuvimba. Nilifungua chumba cha kukomazia nikakuta zimetuna, nyingine zimepasuka ngozi. Ukiona hivyo ujue kuna kitu hai ndani kinachotoa hewa. Nilimwambia Patron ni joto. Alipoondoka nilichukua spana, nikafungua robine kwa mara ya kwanza tangu tangi lije, nikautoa mpira wake wa ndani na kuukunja. Ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa mafuta ya maziwa ya siku nyingi, ya kijivu. Nilifumba macho nikaunusa. Sikuhitaji kunusa mara mbili.

Nilikaa sakafuni pale. Nilikuwa nimekuona wewe msaliti, kumbe kiganja changu ndicho kilichokuwa kinanidanganya, na mimi nikakiapia. Nilibadilisha mpira, nikazika jibini zote nyuma ya banda, sikumwambia mtu. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Nikajisemea kwamba yamekwisha, wewe umemaliza mafunzo, tangi sasa ni safi kweli, na nani ameumia?

Jumapili iliyopita ndipo nilipopata jibu. Tulikuwa tumetoka kanisani, umekaa kwenye ngazi unavua viatu. Ulisema bila kunitazama:

"Maman, nikifika Nairobi nitaomba banibadilishe. Nitasoma administration. Mikono yangu haiko ya maabara."

"Kwa nini?"

"Nilipima mara tatu, nikakosea mara tatu. Mutu wa vile, siku moja atapima damu ya mugonjwa."

Na mimi, mama yako, nikajibu, "Kama ndivyo moyo wako unavyotaka." Mdomo huu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikalimeza nikaingia ndani kupasha maharage.

Kwa hiyo nakuandikia hapa, wazi, ili usiwe na njia ya kulikwepa. Hukukosea. Ulipima mara tatu ukapata sawa mara tatu. Sifuri ile niliipika mimi. Kitu pekee kilichokuwa kimekosewa mle chumbani siku ya Alhamisi kilikuwa mimi.

Nimewaza jambo jingine pia, nalo linaninyima raha kuliko yote. Labda unajua tayari. Mtoto aliyeona bawa moja la mdudu akiwa na miaka sita hawezi kukosa kunusa klorini kwenye kijiti chake. Labda ulijua palepale, ukaona jinsi nilivyoshika mfuko wa aproni, ukanionea huruma tena, ukasema "unisamehe" ili nibaki na funguo zangu. Na labda sasa unaikimbia maabara kwa sababu hutaki siku nyingine kusimama na kijiti mbele ya mtu unayempenda, hata kama mimi umeniambia ni mikono. Kama ni hivyo, basi nilikusaliti hadi mahali ambapo sikujua kuwa panafikika. Sitakuuliza. Ukitaka kuniambia, utaniambia siku yako.

Usidhani nimekusamehe lile la karatasi, lakini. Sijakusamehe lote. Nimelifikiria sana, na naona haki yangu ilikuwa ndogo ila ilikuwepo. Kutoniambia kabla ya kupima, hapo ulikuwa sahihi, maana ningeosha. Lakini ukishapima, nambari ikiwa imeshaandikwa na haifutiki, ungetembea hatua kumi ukaja mahali nilipokuwa naosha makopo, ukaniambia, "Maman, robine iko vibaya, naenda kwa Patron sasa." Hatua kumi tu. Ningelia, ningekutukana, lakini ningeingia ofisini nikiwa nimejua. Huko uendako utawapima watu wengine, na baadhi watakuwa marafiki zako. Pima bila kuwaambia. Kisha kabla ya kupeleka karatasi, nenda uwatazame usoni. Ndicho ninachoweza kukufundisha kuhusu kazi yako, na nimekijua kwa kukikosa.

Sasa nikuambie ya leo, ndiyo maana ulikuta chai imepoa. Nilipanda Kanzenze alfajiri. Nilisubiri watu wote wafike, wale waliopiga makofi, nikasimama karibu na tangi nikawaeleza, kuanzia kisu cha jikoni mpaka jibini nilizozika. Nilijikaza nisilie, nikalia. Patron akaniuliza, "Na we njo ulifundisha kila mutu hapa kunawa mikono?" Nilimwomba kitu kimoja tu, na hakukitoa kwa furaha, lakini alikitoa. Fungua daftari lako, mahali ulipoweka kalamu. Utaikuta fomu yako ya mafunzo. Yale maneno ya umakini ameyakata kwa mstari, ameandika mengine juu yake, na ametia sahihi na mhuri. Uisome mwenyewe.

Kubadilisha masomo au kutobadilisha ni shauri lako, mimi sina mdomo tena wa kukuamulia. Nataka tu uamue ukijua mikono yako ni ya namna gani.

Kuanzia Jumatatu nitakuwa naosha makopo uani pamoja na wasichana wapya. Kesho tutatembea wote hadi kituo cha basi, nitabeba upande mmoja wa sanduku, na basi likiwasha injini utanikumbatia kama unavyofanya siku zote. Hutasikia kitu kikilia mfukoni mwangu. Nikumbatie hivyo hivyo.

Mama yako